Chuma Kimelegea Kwenye Pikipiki ya Mkono wa Pili: Kijue Kwanza, Kisha Ukikaze

Haipiti wiki hapa Malindi bila mtu kunijia na swali lile lile: "Fundi, nimenunua pikipiki, kuna chuma kinacheza huku nyuma, nikaze wapi?" Mwengine huja na bolti kiganjani. Ameiokota uani asubuhi, hajui imetoka wapi, na pikipiki bado inatembea, kwa hiyo anadhani si kitu.

Jibu langu ni moja: usikaze bado. Kila chuma kina kazi yake. Mpaka uijue kazi hiyo, hujui ni bolti gani inayofaa, hujui uikaze kiasi gani, na hujui kama pikipiki inastahili kupandwa hadi duka la spea au kusukumwa kwa mkono.

Huku kwetu vyuma hulegea haraka kuliko bara. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi hula bolti kimyakimya chini ya rangi. Halafu kuna njia zenyewe: ukiacha lami ukaingia vijiji vya nyuma ya Mambrui au ukapandisha kuelekea Marafa, pikipiki hutetemeka kutwa nzima. Pikipiki iliyofanya kazi Gongoni au Marereni, kwenye mashamba ya chumvi, mimi huikagua bolti moja moja hata kama rangi yake inang'aa kama ya dukani.

Vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Spana namba 8, 10, 12, 13, 14 na 17. Ukipata za duara au soketi ni bora, kwa sababu spana ya mdomo wazi huteleza na kula pembe za nati.
- Bisibisi ya nyota na ya bapa, na koleo.
- Brashi ya waya, kitambaa kikavu, mafuta ya taa kidogo kwenye kopo.
- Mafuta ya kulegeza kutu. Ukikosa, dizeli husaidia, lakini uiache usiku kucha.
- Kota pini chache (pini za miguu miwili za kuzuia nati isitoke), washa bapa na washa za springi, yaani pete zinazokaa chini ya nati.
- Gundi ya kufunga bolti, ile ya buluu. Ya rangi nyekundu iache, utakuja kuilia siku ya kufungua.
- Tochi, simu ya kupigia picha, na kibao cha kuweka chini ya stendi.
- Rangi ya kucha. Kazi yake utaiona mbele.

Kibao usikipuuze. Mchanga wetu hauaminiki, stendi huzama na pikipiki hukuangukia ukiwa umechuchumaa.

Hatua zenyewe

1. Egesha mahali pagumu, uiache ipoe. Tumia stendi ya kati na utoe ufunguo. Bomba la moshi huchoma hata dakika 20 baada ya kuzima, na ukikaza nati zake zikiwa za moto ni rahisi kukata bolti.

2. Tazama kabla ya kuosha. Wengi hukosea hapa. Mtu anataka kufanya kazi safi, anamwaga maji na sabuni, anafuta ushahidi wote. Vumbi na grisi ndizo zitakazokuonyesha kilicholegea. Washa tochi utafute mambo manne: mahali chuma kinang'aa kwa kusuguana na kingine, unga mwekundu wa kutu kuzunguka kichwa cha bolti, maana bolti iliyokaza haitoi unga, tundu tupu lenye duara safi lisilo na vumbi, ambapo washa ilikuwa imekaa juzi tu, na masizi meusi kwenye maungio ya bomba la moshi. Piga picha ya kila unachokiona.

3. Sikiliza mlio unafuata nini. Washa injini pikipiki ikiwa imesimama, upandishe moto polepole. Mlio ukipanda na kushuka pamoja na injini, tafuta kwenye bomba la moshi, kinga ya joto ya sailensa, na bolti zinazoshika injini kwenye fremu. Zima, weka gia huru, usukume kwa mkono. Ukilia sasa, tafuta kwenye cheni, kifuniko chake, breki na magurudumu. Ukilia kwenye mashimo tu, shuku bolti za shoki, madigadi, keria, springi ya stendi au beringi za usukani. Na ukilia pale unapokanyaga breki tu, usipande tena mpaka ufike hatua ya 5.

Mimi mwenyewe niliwahi kuhangaika siku tatu na mlio wa "kling kling" kwenye pikipiki yangu. Nilifungua kifuniko cha cheni, nikafungua keria, nikakaza kila nilichokiona. Kumbe ni shada la funguo lililokuwa likigonga chuma cha usukani. Kwa hiyo anza na vitu vyepesi.

4. Shika kwa mkono, kimoja kimoja. Sukuma na vuta kila chuma. Gurudumu la nyuma lishike juu na chini ulitikise kwenda pembeni. Likicheza gurudumu peke yake, beringi zimekwisha au ekseli imelegea. Ukicheza pamoja nalo ule mkono mrefu unaolishika, yaani swingamu, basi buchi zake, zile pete za ndani unapozungukia, zimelika. Mbele, mwambie mtu akandamize nyuma ili gurudumu la mbele linyanyuke, kisha shika miguu ya fork chini uivute kwako na kuisukuma. Ukisikia "tok" mkononi, shingo ya usukani imelegea.

5. Kitambue kwa kufuata ncha zake. Chuma kinachoning'inia kina ncha moja iliyoshika na nyingine iliyoachia. Anza kwenye ile iliyoshika, halafu zungusha chuma taratibu uone ncha huru inafika wapi. Inakofika, hapo patakuwa na tundu, au skrubu iliyokatika, au alama ya kung'aa. Hapo ndipo kwake.

Ukishindwa, nenda steji ya bodaboda ya karibu. Maweni, Barani, Ngala, popote, hutakosa pikipiki ya aina kama yako. Msalimie mwenyewe, muombe, chuchumaa upige picha upande ule ule. Picha hiyo itakusaidia kuliko maelezo yangu yote, maana utaona chuma chenyewe, upande kichwa cha bolti kinakotazama, na kama kuna washa au kota pini.

Chuma ninachoulizwa zaidi ya vyote ni hiki: fimbo bapa au ya bomba, urefu wa mkono wa mtoto hivi, inayotoka kwenye swingamu hadi kwenye kifuniko cha breki ya ngoma ya nyuma. Wengine huiita stei ya breki. Usiichanganye na rodi nyembamba yenye springi na nati ya kukazia nyuma. Ile ndiyo inayovuta breki. Stei haivuti kitu. Kazi yake ni kushikilia kifuniko kisizunguke pamoja na gurudumu unapokanyaga breki. Bolti yake ikianguka, pikipiki itaendelea kutembea vizuri kabisa na wewe hutajua lolote, mpaka siku utakayokanyaga breki kwa nguvu. Hapo kifuniko kitazunguka, kitaisokota ile rodi, na gurudumu litajifunga ghafla. Nimeona rodi zilizopindwa kama waya wa kuanikia nguo.

Na kwa nini hulegea hasa kwenye pikipiki ya mkono wa pili? Kwenye pikipiki nyingi za namna hii, ukitaka kukaza cheni lazima ulegeze nati ya stei kwanza, ndipo gurudumu lirudi nyuma. Anayetaka kuuza hukaza cheni ili isipige kelele mbele ya mnunuzi, anafunga ekseli, anaisahau stei. Kota pini ikiwa imetupwa zamani, nati huondoka na barabara. (Kuna pikipiki zisizo na stei, kifuniko chake kina mfereji unaokaa kwenye jino la swingamu. Kama yako ni hiyo, hakikisha jino limeingia.)

Vyuma vingine huvijua haraka: bati lenye matundu pembeni ya sailensa ni kinga ya joto, plastiki au bati refu juu ya cheni ni kifuniko chake, waya mnene uliopinda chini ya miguu mara nyingi ni springi ya stendi.

6. Amua: panda au sukuma. Kinga ya joto, kifuniko cha cheni, madigadi ya nyuma: funga kwa waya, nenda polepole. Stei, ekseli, usukani, swingamu, bolti za shoki, kalipa ya breki ya diski, klipu ya cheni: sukuma. Springi ya stendi watu huidharau, lakini stendi ikishuka ukiwa mwendoni na ukakata kona ya kushoto, itakuinua gurudumu.

7. Tafuta bolti inayostahili. Usichukue yoyote kwenye kopo la mabaki eti kwa sababu inaingia. Pima unene wa sehemu yenye meno. Unene wa milimita 6 kwa kawaida huenda na spana namba 10. Milimita 8 na spana 12 au 13. Milimita 10 na spana 14 au 17. Lakini unene peke yake hautoshi, maana meno hutofautiana. Bolti ya milimita 10 huwa na meno ya 1.25 au ya 1.5, yaani milimita kutoka jino moja hadi jingine. Ukiilazimisha moja ndani ya nati ya nyingine itaingia mizunguko miwili, itakaza, utafurahi, kumbe umekwisha kuyaua meno yote. Njia rahisi: weka bolti mbili ubavu kwa ubavu, meno kwa meno. Yakikaa sawa bila mwanga kupita, ni ndugu.

Kwa sehemu za hatari chagua bolti iliyoandikwa 8.8 kichwani, alama ya uimara wa chuma chake. Zile laini za kufungia mabati zina kazi yake, na kazi yake ni mabati. Kwa stei hasa, nunua bolti yake yenyewe. Ina bega laini lisilo na meno pale inapopita kwenye tundu. Ukiweka yenye meno mwili mzima, meno yatakereza tundu mpaka liwe kama yai, na mwezi ujao utakuwa hapo hapo. Nenda dukani na chuma cha zamani mkononi. Kama ni spea kubwa, piga picha pia nambari ya chesisi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu, ili muuza asikubahatishie.

8. Safisha pande zote mbili. Piga brashi ya waya kwenye bolti, ingiza kitambaa chenye mafuta ya taa kwenye tundu, kisha kausha. Usimwage mafuta karibu na ngoma au diski. Shuu za breki zikilowa mafuta hazipati tena nguvu yake.

9. Ingiza kwa vidole. Sheria ya bolti zote: mizunguko mitatu au minne ya mwanzo ni ya vidole, si ya spana. Ikikataa, toa, nyoosha, anza upya. Ukihisi inapinda, irudishe kinyume mpaka usikie "tik" ndogo ya meno kukutana, ndipo uizungushe mbele. Kama kitu kimefungwa na bolti kadhaa, ziingize zote kwa vidole kabla ya kukaza hata moja. Ukikaza ya kwanza kabisa, matundu ya nyingine hayatalingana.

Mpangilio wa stei upande wa breki: bolti hupita kwenye kifuniko na kwenye stei, halafu washa, halafu nati, halafu kota pini. Fuata upande wa picha uliyopiga steji, kisha zungusha gurudumu kwa mkono uone hakuna kinachogusa spoki.

10. Kaza kwa kiasi. Bolti ya milimita 6 inataka nguvu ya kiganja tu, spana ukiwa umeishika karibu na kichwa. Kwa wenye spana ya kipimo ni kama Nm 10 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Ya milimita 8 ni Nm 20 hadi 25, na ya 10 ni kati ya 40 na 50. Bolti ndogo zinazoingia kwenye alumini ya injini zionee huruma, zinang'oka meno kama jino la mtoto. Penye bolti mbili au zaidi, kaza kidogo huku, kidogo kule, kwa kupishana. Bolti uliyoipaka grisi huteleza, kwa hiyo ukitumia nguvu ile ile utakuwa umezidisha.

Karibu bolti zote hukazwa kuelekea kulia. Ila kioo cha kulia kwenye Yamaha nyingi hukazwa kinyume. Nakitaja kwa sababu wengi wamekikata wakidhani kina kutu.

11. Funga isirudi. Kota pini hupita kwenye tundu la bolti, miguu yake miwili ikapindwa kila mmoja upande wake. Msumari si kota pini. Waya wa kufungia samaki pia si kota pini, na nimekuta yote mawili. Kota pini ikishanyooshwa, itupe, weka mpya. Pasipo na kota pini, tone moja la gundi ya buluu kwenye meno makavu linatosha. Kwenye bomba la moshi usiweke gundi hii wala nati yenye plastiki ndani, joto litaviyeyusha.

Sasa ile rangi ya kucha. Chora mstari mmoja kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Siku mstari ukivunjika, nati imezunguka, na utaiona ukiwa umesimama bila spana. Mke wangu amekwisha kukata tamaa na chupa yake.

12. Jaribu. Kwa kazi ya breki, zungusha gurudumu, likimbie bila kukwama. Pedali ishuke milimita 20 hadi 30 kabla ya breki kushika. Endesha polepole mahali patupu, ukanyage breki mara tano au sita. Kisha nenda Mambrui na urudi, uegeshe, uiangalie mistari ya rangi yako. Chuma kilichofungwa upya hukaa vizuri baada ya mtikisiko wa kwanza, na hapo ndipo nati huweza kutaka kukazwa tena kidogo.

Makosa ninayoyaona kila siku

Kukaza kila kitu "kwa usalama". Mtu anashika spana anapita pikipiki nzima. Matokeo yake ni bolti tatu zilizokatika na ile iliyolegea bado imelegea.

Kuongeza urefu wa spana kwa bomba ili kupata nguvu. Kwenye ekseli labda. Kwingine ni kuomba msiba.

Kufunga kwa mpira wa tyubu na kusahau. Mpira ni wa kukufikisha nyumbani. Jua la Malindi huukausha kwa wiki chache, unakatika wakati una abiria wawili na gunia.

Ikikataa

*Bolti inazunguka lakini haikazi.* Meno yamekwisha. Kama ni nati, badilisha nati na bolti pamoja. Kama ni tundu la alumini, mpelekee fundi mwenye tepu, kile chombo cha kukatia meno, alikate upya na kuweka koili ya chuma. Vijiti vya kiberiti na foili ya sigara havitashika.

*Bolti haifunguki kabisa.* Kutu ya chumvi. Weka mafuta ya kulegeza jioni, gonga kichwa kwa nyundo ndogo mara kadhaa, weka tena asubuhi. Jaribu kwanza kuikaza kidogo kabla ya kuifungua, hiyo huvunja kutu. Ikikuonyesha ulaini wa ajabu unapovuta, simama, inakaribia kukatika.

*Nimekaza nati za bomba la moshi na bado linapiga "tf tf".* Gasketi ya pete iliyo kwenye kichwa cha injini imekwisha. Nunua mpya, ni ya bei ndogo. Kuendelea kukaza kutakata skrubu za kichwa, na hapo bei si ndogo tena.

*Stei iko imara lakini breki ya nyuma inapiga "tok" mara moja ninapokanyaga.* Shika ncha za stei huku mwenzako akikanyaga pedali. Ikicheza ndani ya tundu, tundu limekuwa yai. Badilisha stei na bolti yake. Ikiwa tundu lililoharibika ni la kwenye kifuniko cha breki, tafuta kifuniko kingine, usikubali kuchomelewa alumini barabarani.

*Rangi yangu ya kucha inavunjika kila wiki mahali pale pale.* Usiongeze nguvu. Kuna kitu kinachoitikisa: buchi iliyokwisha, raba ya injini iliyokauka, au fremu yenye ufa. Futa vumbi, paka mafuta ya taa kwenye chuma, pangusa, ungoje dakika chache. Ufa utatoa mstari mweusi wa mafuta. Ukiuona mstari huo, weka spana chini umtafute mchomeleaji anayejua fremu.

*Bolti niliyoiokota uani sijaipata kwake mpaka leo.* Iweke kwenye mfuko mdogo, uifunge chini ya kiti. Kagua matundu yote tena baada ya kuosha pikipiki. Na muulize jirani yako, huenda ni ya baiskeli ya mwanawe.